DJ wa sherehe: maiki inalia, wageni wanaomba nyimbo, ukumbi unapoa. Mnafanyaje?

Mpiga_Disko
Wakuu, heshima kwenu. Napiga muziki kwenye harusi, mahafali na siku za kuzaliwa, si klabu. Vifaa ni spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani, sabufa moja ya inchi 15, kontrola inayotumia laptopu, na maiki mbili zisizo na waya. Kumbi ni za watu 100 hadi 200.

Raha ya kazi hii haina ubishi. Wimbo ukiingia mahali pake, hata aliyekuja kwa kuburutwa anavua koti. Ila karaha zake nazo! Maiki inapiga mluzi kila hotuba ikianza. Spika zinavuma hata muziki ukiwa umezimwa. Wageni wanakuja mezani mmoja baada ya mwingine, "nipigie huu sasa hivi". Na baada ya chakula watu wanaganda kwenye viti. Wenye uzoefu naomba maelezo ya vitendo, zile "jiamini tu" ninazo za kutosha.

FundiWaya
Mkuu, nianze na mluzi. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena, na mzunguko hauishi. Kwa hiyo kabla hujagusa kitufe chochote, tazama nani amesimama wapi. Spika ziwe mbele ya mzungumzaji, zikiwatazama wageni. Wengi hupanga spika ukutani nyuma ya meza kuu kwa sababu panapendeza, halafu wanalaumu maiki.

Pili, umbali wa mdomo. Maiki ikiwa sentimita 5 kutoka mdomoni badala ya 20, unapata takribani desibeli 12 za bure, maana kila umbali ukipungua nusu sauti inapanda desibeli 6. Mzungumzaji akiishikia tumboni unalazimika kuongeza sauti, na hapo mluzi lazima uje. Tatu, asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja kama wanavyofanya wanamuziki kwenye video. Maiki nyingi za mkononi zimeundwa zikatae sauti ya nyuma kupitia matundu yaliyo chini ya wavu. Ukiyaziba, inaanza kusikia pande zote, spika zikiwemo.

Nne, zima maiki isiyotumika. Maiki mbili zikiwa wazi kwa pamoja, nafasi yako kabla ya mluzi inapungua desibeli 3. Kwenye chaneli ya maiki kata sauti zote za chini ya hezi 100 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti; namba ndogo ni sauti nzito), kwani hotuba haizihitaji na ndizo zinazoleta mvumo wa sabufa. Ikiwa bado inalia, pandisha maiki polepole ukumbi ukiwa mtupu mpaka ianze kuimba, kisha punguza eneo hilo tu kwenye ikwalaiza (vitufe vya kurekebisha sauti nzito na nyembamba), desibeli 3 hadi 6. Mlio mkali wa kuchoma masikio mara nyingi upo kati ya hezi 2,000 na 4,000. Usishushe kila kitu, hotuba itasikika kama mtu yuko ndani ya pipa.

Sasa mvumo. Muziki ukiwa umezimwa, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikata, mwizi ni chaja. Usipokata, angalia kama kontrola na spika zimechomekwa kwenye soketi zilizo mbalimbali. Hapo kunakuwa na njia mbili za ardhi (erthi) na umeme mdogo unazunguka kwenye waya wa sauti. Vyote vitoke chanzo kimoja. Dawa ya kudumu ni kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha, kinakaa kati ya kontrola na spika. Na tafadhali, asikudanganye mtu ukate pini ya ardhi kwenye plagi. Mvumo utaisha kweli, lakini chombo kikipata hitilafu, mkono wako ndio utakuwa ardhi.

Waya nao una neno. Zile za pini mbili za kawaida ukizivuta zaidi ya mita 5 au 6 zinaokota kelele za taa na nyaya za umeme. Kwa umbali tumia waya wa XLR wa nyuzi tatu, nao upite mbali na ekstensheni ya umeme. Vikikutana, vikatane kama msalaba, visilale pamoja. Ekstensheni ya kuviringisha ifungue yote hata kama unahitaji mita 3 tu, maana ikiwa imejiviringa inapata joto na inaweza kuyeyuka.

Bibi_Midundo
Fundi kamaliza waya, mimi nizungumze na wanadamu, ambao hawana kitufe.

Anayekuja kuomba wimbo mara nyingi anataka kusikika kabla ya kutaka huo wimbo. Weka daftari na kalamu ukingoni mwa meza, aandike mwenyewe. Mstari wa watu utapungua, kwani kuandika ni kazi. Kamwe usitaje muda. Ukisema "baada ya dakika tano", ya sita yuko mbele yako. Sema "nimeuona, nautafutia mahali". Halafu utafutie kweli. Ukiwa kwenye mapigo 100 kwa dakika na ombi lina 104, hiyo ni asilimia 4 tu, unaingia bila mtu kujua. Likiwa na 128, usilivute. Subiri mahali utakapobadilisha aina ya muziki, au uliingize wimbo uliopo ukimalizika. Ukivuta kasi kwa asilimia 6 bila kufunga noti (kitufe kinachozuia sauti isipande pamoja na kasi), wimbo unapanda karibu nusu toni na waimbaji wanakuwa watoto.

Simu ya mgeni isiguse miksa yako. Mwenyewe atakuja nayo ikiwa imefunguliwa, "wimbo huu hapa, chomeka". Faili ina sauti ya chini, unapandisha, halafu mtu anampigia na mlio unapasua ukumbi. Ikibidi kabisa, iwekwe kwanza kwenye hali ya ndege, na sauti ipande kutoka sifuri.

Ombi la mwenye shughuli linapita mbele ya yote. Ndiyo maana siku chache kabla unamuuliza mambo mawili: nyimbo zipi lazima zipigwe, na zipi zisisikike kabisa. Hili la pili wengi hulisahau, na ndilo linaloharibu sherehe. Kuna wimbo ambao kwa familia fulani ni wa msiba.

Kuhusu viti: baada ya chakula usianze na moto. Anza mapigo 95 hadi 110, nyimbo ambazo watu wa rika tatu wanazifahamu, sauti ikiwa kiwango ambacho walio meza moja bado wanasikilizana. Usitazame katikati, tazama chini ya meza. Miguu ikianza kugonga na midomo ikianza kuimba, wimbo unaofuata ndio wa kuwainua. Wakishainuka, usiwakalishe kwenye aina moja zaidi ya nyimbo tatu au nne. Na ukiona kundi zima limeondoka kwa pamoja, usishtuke ukakata wimbo katikati ya mstari. Muziki mwingi wa kucheza unajengwa kwa mafungu ya mapigo 32, subiri fungu liishe ndipo utoke. Baada ya dakika 20 au 25 za kasi, wapunguzie makusudi. Watu wana kiu, na aliyekwenda kunywa akiwa amefurahi hurudi.

Slaida_Moja
Nakubaliana na Bibi kwa yote ila daftari. Ukumbi wenye giza nani ataandika? Halafu mgeni akiona jina lake liko la kumi, anakuja kudai foleni. Mimi nasema sikiliza, tabasamu, tingisha kichwa, endelea.

Nyongeza kwenye kuchanganya: mara tisa kati ya kumi matope yanayosikika wakati wa kubadilisha wimbo ni besi mbili kupigana. Ingiza wimbo mpya besi yake ikiwa imekatwa, na kwenye pigo la kwanza la fungu badilisha: ya zamani chini, mpya juu, kwa mara moja. Sherehe haihitaji ufundi zaidi ya huo.

Bibi_Midundo
Slaida, taa ndogo ya klipu inatosha kumulika daftari. Na karatasi moja iwe na mistari mitano tu, ikijaa unaigeuza. Foleni haionekani.

Mpiga_Disko
Asanteni sana. Maswali mawili yamebaki: wakati wa maharusi kuingia, na laptopu ikikwama. Haya ndiyo yananinyima usingizi.

Slaida_Moja
Kuingia: pata faili ileile wanayoitaka, si jina tu. Wimbo mmoja una matoleo manne, na moja lina sekunde 40 za kinanda kabla ya mdundo. Weka alama ya kuanzia pale wanapotaka hatua ya kwanza. Kubalianeni na mshereheshaji ishara moja ya mkono, na wewe umtazame yeye, si mlango. Wimbo ukiwa mfupi kuliko mwendo, tayarisha kipande cha mapigo 32 cha kujirudia, maana wapiga picha huwasimamisha njiani.

Laptopu: zima intaneti, Bluetooth, arifa, masasisho na usingizi wa kioo. Sauti ikikatika-katika, ongeza bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo laptopu huiandaa kabla ya kuitoa) kutoka sampuli 256 hadi 512. Kwenye hezi 44,100 hiyo ni kutoka milisekunde 6 hivi hadi 12, sikio lako halitagundua. Nyimbo ziwe ndani ya laptopu yenyewe, si za kuvuta mtandaoni. Akiba ni fleshi mbili zenye nyimbo zilezile, zimeandaliwa kwa FAT32 kwa sababu mashine nyingi za zamani za ma-DJ hazisomi mifumo kama exFAT au NTFS, pamoja na simu yenye saa moja ya muziki, waya wake ukiwa umeshachomekwa kwenye chaneli nyingine ya miksa. Kama kontrola yako haina chaneli hiyo, tafuta miksa ndogo uiweke katikati. Laptopu ikizima, unapandisha slaida moja (kitelezi cha sauti cha chaneli ya simu) na watu wanaendelea kucheza wakati wewe unaiwasha upya.

FundiWaya
Nilisahau kiwango cha sauti, na hapa ndipo spika zinapofia. Taa nyekundu kwenye miksa si mapambo. Ikiwaka, wimbi la sauti linakatwa kichwa, na tuita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ndiyo inayoungua kwanza. Chaneli iishie karibu na alama ya 0 kwenye taa za kiwango, nyekundu isiguswe. Kama bado haitoshi, ujue kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili kunaleta desibeli 3 tu. Afadhali unyanyue spika kwenye stendi mpaka tuita yake ipite vichwa vya waliosimama, kama mita 2. Miili inakula sauti nyembamba, ndiyo maana walio nyuma wanalalamika hawasikii maneno huku walio mbele wameziba masikio. Unganisha sabufa ili hezi 100 kushuka chini ziende kwake, na zile inchi 12 zipumue.

Wewe mwenyewe uko nyuma ya spika, kwa hiyo unachosikia ni besi na mwangwi. Ukiamini hicho utapandisha tu usiku kucha. Kila nusu saa tembea mpaka katikati ya ukumbi, kisha mpaka meza ya mwisho. Kwa mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 85 ni kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unapungua nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Wazee wasikae meza iliyo mbele ya spika, mwambie mwenye shughuli mapema, viti vikiwa bado havijapangwa.

Mpiga_Disko
Meza ya wazee huwa mbele ya spika kila mara, kumbe! Jumamosi nafika saa tatu kabla ya sherehe, naanza na soketi.