Eti mimi nibaki chini kulinda mabegi! Huyu "kiongozi" wetu wa matembezi amenichefua

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Msinipe pole kwanza, nisomeni mpaka mwisho.

Mnamjua. Simtaji na sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kujiandikisha kupanda mlima kwa ajili ya kuchangisha amekutana naye: filimbi shingoni, miwani ya jua saa kumi na moja alfajiri, kila akifungua mdomo ni "mimi nilipokuwa kileleni". Huyo huyo.

Leo tulikuwa na kikao cha mwisho cha kukagua vifaa. Watu zaidi ya thelathini, mabegi yamepangwa mstari chini, yeye anapita katikati kama afisa wa forodha. Akafika kwangu. Akaniangalia kuanzia viatu kupanda juu, akakohoa ili watu wanyamaze (alikohoa kwanza, wakuu!), kisha akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu: "Wewe kwa mwendo wako huo, utabaki chini kulinda mabegi."

Kulinda mabegi.

Watu wakacheka. Mpaka yule mama ambaye wiki iliyopita nimepiga magoti kumfunga kamba za viatu, naye alicheka akashika mbavu.

Miezi minne nimejiandaa. Napanda ngazi za ghorofa nane, begi mgongoni, ndani chupa kumi za maji za lita moja moja, kilo kumi kamili, mpaka mlinzi wa jengo akadhani nahamisha nyumba ya watu kidogo kidogo. Na kushuka nashuka kwa miguu, lifti siigusi, maana kushuka ndiko kunakomaliza magoti na kung'oa kucha za vidole gumba. Viatu nimevaa kazini, sokoni, harusini, mpaka ngozi imejifunza kukunjika pale pale mguu wangu unapokunjika. Malengelenge nimeyapata mapema, yamepona, kisigino sasa ni gome la mti.

Vyake je? Aliinua mguu akauweka juu ya kiti ili aongee vizuri. Chini ya soli stika ya duka ipo, nyeupe, haijaona vumbi. Kwenye kamba za kile cha kushoto kikaratasi cha saizi kinaning'inia. Mtu wa stika kwenye soli ndiye wa kunibakisha mimi chini nilinde mabegi!

Huo mwendo anaousema ni wa makusudi. Kuanzia kama mita 2,500 hewa inakuwa nyepesi, na anayekwenda kwa pupa ndiye kichwa kinampasuka na kutapika, hata awe na mapaja ya farasi. Mazoezi hayamkingi mtu na hilo. Ukishapita mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Nilimwambia hivyo hivyo mbele ya watu. Alinijibu nini? "Hizo ni hesabu za walinda mabegi."

Na matembezi yenyewe ni ya kuwanunulia watoto viti vya magurudumu! Karatasi yangu ya wachangiaji imejaa pande zote mbili, nimegonga milango ya watu hadi wengine wakanifungulia na povu la sabuni masikioni. Yake ina jina moja tu, lake mwenyewe, na mbele kaandika "nitatoa". Lakini picha kwenye bango ni ya nani? Yake. Kakunja mikono.

Alikohoa kwanza. Hilo ndilo lililonikaa kooni mpaka sasa. Mtu akiropoka kwa bahati mbaya unasamehe. Huyu alisafisha koo, akasubiri kimya, ndipo akanitupia mabegi.

Kisigino Chuma: Namjuaaaa! Kwetu alikuja na filimbi hiyo hiyo. Zoezi la muda wa saa tatu tulirudi usiku, mti mmoja tumeupita mara nne, yeye anasema "nausoma mlima". Tochi ya kichwani alikuwa nayo yeye peke yake, na betri zikafa. Tangu siku hiyo betri zangu za akiba nalala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi inazinyonya, na simwamini tena binadamu mwenye filimbi.

Pumzi Fupi: Dada usikasirike, ila polepole yako ni ya kiasi gani? Isije ikawa jamaa kasema kweli. Kwetu yupo mmoja, tunaondoka yuko anafunga kamba za viatu, tunarudi bado anafunga.

Mwenye uzi: Pumzi Fupi, umesoma uzi au umesoma kichwa tu? Juzi nimetembea kilomita 14 sijakaa chini hata mara moja. Yeye alipanda gari la kubebea maji, akatupungia mkono dirishani. Na nimeandika kwamba ALIKOHOA.

Tochi Mbili: Hapo kwenye kukohoa hata mimi ningemvua hiyo filimbi.

Pumzi Fupi: Kilomita 14 kwa siku ngapi?

Mzee wa Hema: Mwanangu, usimjibu huyo. Hao wa polepole ndio ninaowaona kileleni. Vijana wa mbio nimewashusha nimewashika mabega. Kichwa kikiuma na tumbo likakataa, hupandi tena. Ikizidi, unashuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na kidonge cha maumivu kisikudanganye kwamba umepona.
Ila na mimi nina dukuduku langu, ngoja nilitoe hapa hapa. Nilimwazimisha mtu fimbo zangu mbili za kupandia mlima. Karudisha moja. Namuuliza nyingine iko wapi, anasema "ilibaki juu". Juu wapi?

Soksi Kavu: Shikamoo mzee. Afadhali fimbo! Mimi nimeazimisha mfuko wa kulalia, ule wa manyoya ya bata. Mtu kaufua kwa sabuni ya unga, akaukamua kama dekio, akauanika umekunjwa. Umerudi manyoya yote yamekimbilia miguuni yakawa madonge, kifuani nimebaki na kitambaa kitupu. Usiku nikalala nimekaa, natetemeka mpaka hema linatikisika, wenzangu wanadhani ni upepo. Na aliyeufua yuko hema la jirani anakoroma!

Kisigino Chuma: Mkiongelea kukoroma mnanitonesha kidonda. Kuna mtu kwenye kundi letu anakoroma mpaka vigingi vya hema vinang'oka.

Karatasi Tupu: Nyie mnalia na vifaa, mimi nalia na wachangiaji wa "niandike, niandike". Unamwandika. Anapigiwa makofi kwenye kikao. Kesho yake simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Nina majina 22 ya watu wa "niandike" na waliotoa ni wanne, mmoja wao ni mama yangu mzazi. Halafu hao hao ndio wa kwanza kuuliza, "Vipi, mlifika kileleni?" Kileleni kunakuhusu nini wewe!

Mwenye uzi: Poleni wote, kweli. Lakini naomba turudi kwenye mada. Kesho kutwa tunaondoka na mimi sijui nimtazame vipi huyu mtu. Nimeambiwa NIBAKI CHINI KULINDA MABEGI, mbele ya watu thelathini.

Jiwe la Pembeni: Dada, kwani kulinda mabegi kuna ubaya gani? Mimi nililinda mwaka juzi. Nililala vizuri, na begi langu ndilo pekee lililorudi na vitu vyake vyote.

Mwenye uzi: Jiwe la Pembeni, wewe uliomba mwenyewe. Mimi nimetupiwa. Tena baada ya kukohoa.

Tochi Mbili: Dada, nenda upande, mbele yake, na hizo hatua zako fupi fupi. Siku ya kushuka, stika yake ikiwa imeshabanduka na vidole vimevimba, wewe utakuwa ushavua viatu kitambo.

Pumzi Fupi: Ila kilomita 14 hajajibu ni kwa siku ngapi.

Soksi Kavu: Wataalamu, nisaidieni: haya madonge ya manyoya yanatenganishwaje? Nimeupiga na fimbo tangu asubuhi, naona yanazidi kushikamana.

Kisigino Chuma: Usipige! Suuza mpaka sabuni yote itoke, usikamue, halafu uweke kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mdogo pamoja na mipira miwili mitatu ya tenisi. Utachukua muda, vumilia.

Soksi Kavu: Mipira ya tenisi?

Kisigino Chuma: Inayatandika manyoya humo ndani mpaka yanaachana.

Karatasi Tupu: Kumbe ipo dawa. Na mtu wa "niandike" naye aingizwe humo na mipira mitatu.

Mzee wa Hema: Na mimi nimeuliza habari ya fimbo, naona mmepita kama hamjaona. Nimebaki na ya mkono wa kushoto, kishikio cha kizibo, mkanda wake nimeushona mwenyewe kwa uzi mwekundu.

Tochi Mbili: Mzee, mimi ninayo moja ya kulia, kishikio cha kizibo, ina uzi mwekundu kwenye mkanda. Nilikuwa natafuta pacha wake. Unaiuzaje hiyo ya kushoto?

Mzee wa Hema: Mwanangu, umesema hiyo ya kulia uliipata wapi?