Barua za hataza tunaandikiwa sisi wafunga mabomba ya fiba, kiwanda hakiguswi!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Juzi nimepokea barua ya mawakili, kurasa nne, kwamba mabomba niliyolaza ya kupitishia fiba, zile nyaya za intaneti, yanavunja hataza ya mteja wao, yaani patent, haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake. Nisimamishe kazi ndani ya siku 14, la sivyo nilipe. Mimi! Sina kiwanda, sina mashine. Nimenunua kwa risiti, nimechimba mtaro, nimelaza, nimefukia.

Kosa lenyewe eti ni matuta. Kata kipande cha bomba lile uingize kidole: utayasikia, membamba, yamepita kwa urefu wote. Fiba ikisukumwa na hewa ya kompresa inagusa migongo ya matuta tu, hailalii ukuta mzima, msuguano unapungua, inafika mbali bila kukwama. Basi! Na kupuliza fiba kwa hewa kulianza British Telecom, Uingereza, miaka ya 1980. Hataza kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya maombi. Pigeni hesabu wenyewe kama wazo hilo bado lina mwenyewe.

Kinachoweza kulindwa leo ni kitu kidogo: umbo fulani la tuta, utando fulani wa kuteleza, au namna ya kufuma mirija ya kitambaa inayoingizwa ndani ya bomba kugawa nafasi. Tena mpaka wake ni maneno ya madai, zile sentensi zenye namba ndani ya hataza zinazosema ni nini hasa kinalindwa. Sasa nimevunja dai namba ngapi? Hawasemi. Wameweka namba ya hataza peke yake, hata nchi haikutajwa, wakati hataza ya Marekani haina nguvu mahali ambapo haikusajiliwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanajua wanachofanya. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, kifungu cha 28, unampa mwenye hataza haki ya kuzuia hata kutumia, si kutengeneza na kuuza tu. Kwa hiyo mtumiaji naye anashitakika, na ndiye asiye na wakili. Wakikiandikia kiwanda, kitatoa michoro ya zamani na kuomba hataza ifutwe kwa kuwa haina jipya. Mimi bomba langu liko chini ya ardhi, fiba imo ndani, watu wanaitumia. Nilifukue? Nimempigia aliyeniuzia, kaniambia nitafute mwanasheria. Hela yangu alipokea bila kuniambia habari ya wanasheria!

Nimewajibu: taja nchi, taja dai, onyesha ni wapi bomba langu linalingana nalo. Silipi senti kabla ya hapo. Ombi langu kwenu: mwenye kipande cha bomba la zamani lenye matuta, lile lililopigwa chapa ya mwaka ubavuni, au katalogi ya kiwanda yenye tarehe, aweke picha hapa, tuonyeshe kwamba matuta si jambo jipya. Msilitupe hata kama ni la sentimita kumi. Na kama nawe umepata barua ya namna hii, sema, tujuane tuko wangapi.