RAV4 imetoka Japani na matairi ya theluji: niyaache kwa mvua za Goma–Masisi au niyatoe?

Mkaaji_wa_Himbi

Jambo wote. RAV4 ya 2003, 4x4 ya kudumu, imefika Goma na matairi yale yale iliyotoka nayo Japani. Ubavuni yameandikwa 215/70R16 100Q, kisha STUDLESS (la theluji, lisilo na misumari), na kuna alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. DOT, yaani namba ya wiki na mwaka wa kutengenezwa, inaishia na 3817. Meno yamebaki kama milimita 6.

Gari itazunguka mjini, na mara kwa mara itapanda Sake hadi Masisi na watu watano pamoja na mizigo. Aliyeiuza anasema hayo ni matairi ya baridi na matope, na kwa kuwa Masisi kuna baridi, yatafaa kuliko ya kawaida. Mimi nikibonyeza ukucha kwenye meno, unazama. Niyaache mpaka yaishe? Kama ni kuyabadilisha, nitafute ya aina gani, na kwado (fundi wa matairi) ayafunge vipi? Aksanti.

Fundi_Birere

Kaka, yatoe. Ukucha wako umekwisha kukuonyesha shida ilipo.

Mpira wa tairi la theluji umechanganywa ubaki laini pale ambapo mpira wa kawaida unakauka kama ubao, yaani chini ya nyuzi 7 hivi. Goma mchana tuko kwenye nyuzi 25, na lami iliyopigwa jua inapita 40. Kwa joto hilo meno yanalegea na kuyumba: ukikata kona usukani unachelewa kuitika, ukifunga breki gari inasimama mbali zaidi, hata pakiwa pakavu. Baridi ya Masisi ni ya kuvaa koti, haigandishi barabara.

Halafu kuna mawe yetu. Tazama meno hayo kwa karibu: kila jino lina vijimkato vyembamba vingi, kama yamekatwa kwa wembe. Kwenye barafu vijimkato hivyo ndivyo vinavyoshika. Kwenye mawe ya lava ya volkano Nyiragongo, ya 2002 na yale ya Mei 2021 kuelekea Kibati, kila kijimkato ni mahali pa kuanzia kuchanika. Jiwe linaingia, gurudumu linazunguka, kipande cha jino kinang'oka. Utaona vipande vinatoka kwanza pembeni, karibu na bega la tairi, kisha katikati. Milimita zako 6 hazitakwenda mbali huko.

Na matope? Alama ya mlima na theluji inatolewa baada ya tairi kupimwa kwenye theluji. Herufi M+S (matope na theluji) kampuni inajiandikia yenyewe kulingana na umbo la meno. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayotokana na kupimwa kwenye udongo mwekundu wa Masisi. Udongo ule unanata, na mifereji myembamba ikishajaa tairi linakuwa kama chungu kilichopakwa sabuni. Unataka mifereji mipana inayotapika matope yenyewe gurudumu likizunguka.

Uzito si tatizo: 100 ni kilo 800 kwa kila tairi. Q ni mwendo wa juu wa 160 kwa saa, na hapa hakuna barabara ya kuufikia.

Mwana_Goma_Québec

Naongeza upande wa huku yanakotumika, ili asije mtu akasema matairi haya ni mabaya. Ni mazuri sana kwa kazi yake. Québec sheria inayadai kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na Ujerumani tangu Oktoba 2024 M+S peke yake haikubaliwi tena barabarani penye hali ya baridi, mpaka alama ya mlima iwepo. Watu wanayavaa hali ya hewa ikishuka chini ya 7, yote manne kwa pamoja, na majira ya kuchipua wanayavua kwa sababu lami ya joto inayala haraka.

Japani nayo ina jambo la kuangalia. Kwenye STUDLESS kuna mshale mdogo ubavuni. Ukifuata mshale huo mpaka ndani ya mfereji utakuta kijiti cha mpira kilichoinuka: meno yakifika hapo, nusu imekwisha na tairi halifai tena kwenye theluji. Pembetatu ndogo ni alama nyingine, hiyo ni ya milimita 1.6, mwisho kabisa. Matairi mengi yanayosafirishwa na magari yako kati ya alama hizo mbili. Kwako Himbi, kijiti hicho kitakuambia umri wa meno vizuri kuliko rangi nyeusi inayong'aa.

Mkaaji_wa_Himbi

Nimeelewa. Sokoni nimeona namna mbili. La kwanza ni AT (la njia za kila aina) la mtumba, limepakwa dawa ya kung'arisha, DOT 1114, meno milimita 9. La pili ni jipya, AT pia, 225/70R16, kwa sababu 215 haipatikani. Naweza kununua mawili sasa, mawili mwezi ujao?

Kivu_Quatre_Roues

1114 ni wiki ya 11 ya mwaka 2014. Limepita miaka 10, likatae hata kama meno yote yapo. Mpira unazeeka ukiwa umelala dukani. Chini ya ile dawa kuna nyufa: pangusa ubavu kwa kitambaa chenye sabuni, ukunje kidogo kwa kidole gumba, utaziona kwenye mzizi wa meno na karibu na janti.

Mtumba wa umri mdogo unaweza kuununua, ila uangalie na ndani. Tairi lililowahi kuendeshwa bila upepo lina mviringo uliosuguliwa ndani ya ubavu, na ukipitisha mkono unatoka na unga mweusi. Hilo ubavu wake umekufa, litapasuka siku ya mzigo. Kiraka katikati ya meno hakina shida. Kiraka begani au ubavuni, liache hapo hapo.

225/70R16 inakubalika. Kipenyo chake ni milimita 721 hivi, la 215/70 ni 707, tofauti ya asilimia 2. Kipima mwendo kikisema 60, unakwenda 61. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili gari ikiwa na mzigo, uhakikishe tairi haligusi plastiki ya ndani.

Ila mawili sasa na mawili mwezi ujao, hapana. Kwenye 4x4 ya kudumu magurudumu ya mbele na ya nyuma yameunganishwa. Yakitofautiana kipenyo, difa ya katikati (gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) inafanya kazi bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka, inapata joto, na kuitengeneza ni ghali kuliko matairi manne. Tena ukiweka laini mbele na magumu nyuma, mkia utakutoka kwenye lami yenye maji. Ngoja mpaka pesa ya manne itimie. Kwa sasa haya ya theluji yabaki mjini, polepole, bila Masisi.

Unaponunua, soma maandishi madogo ubavuni yanayoanza na SIDEWALL. Mengi yana 2 POLYESTER, yaani tabaka mbili za nyuzi ubavuni. Ukipata yenye 3, hayo ndiyo ya lava, maana hapa tairi linakufa kwa kuchanika ubavu kabla meno hayajaisha. Lenye LT (la magari madogo ya mizigo) na 6PR (PR ni kipimo cha ugumu wa tabaka) linatosha RAV4. La 10PR litakuvunja mgongo na kuua shokabsoba.

Fundi_Birere

Kuhusu kufunga, simama hapo uangalie, kwa sababu makosa mengi ni ya dakika tano za haraka.

Mdomo wa tairi upakwe maji ya sabuni nzito. Oili ya injini au mazuti (dizeli) yanakula mpira, na baadaye tairi linateleza ndani ya janti. Valvu iwe mpya kila mara: ni kitu cha bei ndogo, na ya zamani ndiyo inayovujisha polepole. Janti ikwanguliwe kutu pale mdomo unapokaa. Kama kuna mshale wa ROTATION, uelekee mbele. Kama kuna OUTSIDE, itazame nje. Wakati wa kukalisha mdomo, presio isizidi bari 2.75. Usiposikia mdomo ukilia na kukaa mpaka hapo, toa upepo, paka sabuni tena, anza upya. Kuongeza zaidi ni kucheza na bomu, na kumwaga esanse (petroli) ndani na kuwasha ni kuchoma mpira wa ndani usiouona. Akikwambia aweke shambrea (mpira wa ndani wa upepo) kwenye tairi zima lisilo na tundu, kataa: ina maana janti yake imekunjika au ina kutu, na hilo ndilo la kutengeneza.

Kisha kubalansi. Usukani ukitetemeka kati ya 80 na 100, risasi (vizito vya kubalansi) hazijakaa sawa au kuna udongo mkavu umeganda ndani ya janti. Baada ya safari ya matope, osha upande wa ndani pia.

Kitovu cha gurudumu kisuguliwe kwa brashi ya waya, kutu ikibaki janti haikai na nati zitalegea zenyewe. Usipake grisi kwenye nyuzi za bulo (bolti). Nati anza zote kwa mkono, zifuatane kwa umbo la nyota, kwanza kidogo gari ikiwa juu ya kriki, kisha kaza ikiwa chini. Kipimo ni niutoni-mita 103. Asiye na spana ya kipimo atumie ufunguo wa 21 wenye mkono wa nusu mita, asukume kwa nguvu ya kilo 21 kwenye ncha: ndiyo hiyo hiyo. Vijana wanaoruka juu ya bomba la mita moja wanavuta bulo mpaka inakatika, mara nyingi baada ya wiki kadhaa, njiani. Angalia pia nati zenyewe: za koni ni za janti ya chuma, zenye shingo na washa bapa ni za aluminiamu ya Toyota. Usizichanganye.

Nenda Sake na kurudi, kama kilomita 50, halafu kaza tena ukiwa na ufunguo ule ule.

Pwani_ya_Minova

Na presio je? Kwenye matope watu wanashusha hadi 1.5.

Kivu_Quatre_Roues

Kwenye matope matupu ni kweli, tairi linatandaa na kushika. Lakini njia ya Masisi ina mawe ndani ya matope, na ukilegeza, ubavu unabanwa kati ya jiwe na janti. Usipite chini ya 1.8 ukiwa na mzigo, na uende pole. Kipande kikiwa kweli ni tope la kuzama bila mawe, shusha hadi 1.5, usizidi 30 kwa saa, na uwe na pampu ya kuchomeka kwenye betri ili urudishe ukitoka.

Siku za kawaida fuata kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa RAV4 hiyo ni bari 2 na kidogo, ongeza 0.2 nyuma ukiwa na watu watano. Ukiwa na LT, weka 2.5, kwa sababu ubavu wake mgumu unahitaji upepo zaidi kubeba uzito ule ule. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. La tano, la akiba, liwe 225/70R16 pia, na ulipime siku unapopima mengine. Kati ya manne ya theluji usiliache hata moja mgongoni: siku litakapovaliwa litakuwa na kipenyo tofauti, na difa haijui kuwa ni la dharura.