Nyama za puani na upasuaji wa sainasi: utafiti mmoja unasema fanya, mwingine unasema tofauti ndogo. Nimwamini nani?

MtumbaMkavu:

Wakuu habari za mida hii. Naomba mawazo ya wenye uelewa, na kama kuna dokta humu tafadhali asipite kimya kimya.

Mimi niko hapa Dodoma, naishi Nkuhungu ila kazi yangu iko kule Mji wa Serikali Mtumba, na wanaokujua kule wanajua vumbi lake upepo wa kiangazi ukishaanza, unafuta meza asubuhi saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake. Pua imeziba miaka mingi, zote mbili, nalala mdomo wazi, kichwa kizito hapa katikati ya macho, makamasi yanashukia kooni usiku kucha. Harufu ndio nimesahau kabisa. Juzi kati mpira wa gesi ulikuwa unavuja jikoni, mimi nimesimama pale pale nataka kuwasha jiko nichemshe chai, wife akatoka chumbani mbio anapiga kelele "baba Neema usiwashe!" Harufu imeijaza nyumba nzima na mimi sisikii kitu. Hapo ndio nikaogopa.

Nimepiga CT scan, dokta wa ENT (masikio, pua na koo) akasema ni nyama za puani, yaani vinyama laini vinavyoota ndani ya pua, pande zote, na sainasi, yale mashimo ya hewa kwenye mifupa ya uso, zimejaa. Dawa ya kupuliza nimetumia, vidonge vya steroidi nimepewa, nikimeza napata nafuu na harufu inarudi kidogo, vikiisha tu tunarudi pale pale. Sasa amesema tuingie upasuaji wa kamera kupitia puani. Nikaingia Google kama kawaida yetu, nikakuta utafiti wa Waingereza umetoka kwenye jarida la kitabibu la The Lancet 2025 unasema upasuaji unasaidia sana, halafu nikakuta wa Waholanzi wa 2022 unasema kwa wenye nyama za puani tofauti ni ndogo. Sasa nani mkweli hapo? Na kuna jamaa ofisini ananiambia hizo nyama zinarudi tu, utachokonolewa bure.

Kitunguu_Swaumu:

Mkuu achana na visu. Saga kitunguu swaumu, changanya na mafuta ya nyonyo, matone mawili kila pua asubuhi na jioni. Mwezi mmoja utanishukuru.

DktNgazi:

Mkuu Mtumba, mimi ni daktari, kwa sasa nasomea ubingwa wa masikio, pua na koo. Sio daktari wako na CT yako sijaiona kwa hiyo nachosema ni cha jumla. Na kabla ya yote, kitunguu swaumu kibichi usiweke puani, kinaunguza ile ngozi laini ya ndani, watu tunawapokea wana vidonda. Kila kwenye mboga, inatosha.

Sasa hizo tafiti mbili. Hazipingani kama unavyodhani, ila ziliuliza maswali tofauti. Ule wa Uingereza unaitwa MACRO, uliingiza wagonjwa 514 wenye sainasi sugu, wenye nyama na wasio na nyama wamo humo humo, watu ambao dawa za kawaida zilishagoma. Wakagawanywa kwa kura makundi matatu, wengine upasuaji, wengine antibayotiki ya klarithromaisini kwa wiki 12, wengine vidonge vya bandia visivyo na dawa. Na wote, narudia wote, waliendelea na dawa ya steroidi ya puani na kuosha pua kwa maji ya chumvi. Baada ya miezi 6 waliofanyiwa upasuaji walikuwa mbele sana, na ile antibayotiki haikuonyesha faida kuliko vidonge bandia. Hilo la pili ndio mimi nalipenda zaidi kwa sababu huku kwetu mtu anameza antibayotiki ya sainasi mwaka mzima, akibadilisha duka tu la dawa anaanzishiwa nyingine.

Waholanzi wao walichukua wenye nyama tu, 238, wote ni watu ambao madaktari walishaona wanafaa upasuaji. Kundi moja upasuaji pamoja na dawa, jingine dawa peke yake, lakini hiyo dawa peke yake ilikuwa chochote ambacho daktari anaona kinafaa, pamoja na vidonge vya steroidi akiona haja. Wakapima baada ya miezi 12. Kipimo chenyewe ni dodoso la SNOT-22, maswali 22 kuhusu dalili za pua na sainasi, kila moja unajipa alama 0 mpaka 5, kwa hiyo mtu aliyezidiwa kabisa anafika 110. Wataalamu wanakubaliana kwamba mgonjwa anaanza kuhisi tofauti yenyewe kweli ikifika kama pointi 8.9. Waholanzi walipata tofauti ya 4.9 kwa faida ya upasuaji. Ipo ila ndogo kwa wastani. Wastani lakini mkuu, ndani ya wastani kuna aliyepona akasahau na kuna ambaye hakupata kitu, na makundi yote mawili yalipata nafuu, sio kwamba waliopasuliwa walibaki vilevile.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, swali la kumuuliza daktari wako sio "upasuaji unafanya kazi?" Muulize hivi, dawa za puani nimezitumia inavyotakiwa kwa muda wa kutosha? Maana wengi wanapuliza siku nne, wanaelekeza kwenye ule ukuta wa katikati, pua inatoa damu, wanaacha, halafu kwenye faili inaandikwa dawa zimeshindwa. Spray unainamisha kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia unapulizia pua ya kushoto, unaelekeza upande wa sikio, huvuti kwa nguvu. Kama yote hayo umefanya na bado, upasuaji una mantiki.

Na kurudi? Ndio zinarudi kwa wengi, jamaa yako wa ofisini hajakosea. Kuna utafiti wa Marekani wa 2017 waliwafuatilia watu kwa kamera, nyama zilionekana tena kwa asilimia 35 ndani ya miezi 6 na kama asilimia 40 kufikia miezi 18. Lakini wengi wa hao hao hali yao ya maisha ilibaki nzuri kuliko kabla. Ugonjwa wenyewe uko kwenye ngozi ya ndani ya pua, kinga ya mwili inawaka bila sababu ya maana, upasuaji hauwezi kuutoa huo. Unachofanya ni kufungua milango ya sainasi ili maji ya chumvi na steroidi vifike ndani, kwa sababu sainasi isiyofunguliwa ukiosha pua maji hayaingii kabisa au yanaingia kidogo sana.

Bibi_Zabibu_Hombolo:

Mwanangu Mtumba mimi nilifanyiwa, nikueleze la upande wa mgonjwa maana madaktari hawa sehemu hii wanaipitia haraka. Nusu kaputi unalala huna habari. Ukiamka pua imejazwa pamba ndefu, unapumua kwa mdomo, koo limekauka, unatema damu kidogo, usiogope. Maumivu sio makali kama watu wanavyotisha, kibaya ni uzito ule wa uso na siku wanapotoa ile pamba, hapo nilimshika nesi mkono mpaka akaniambia mama utanivunja. Baada ya hapo ni maganda. Maganda meusi, mengine marefu kama kidole, unaosha pua asubuhi na jioni yanatoka, na kliniki wanakuingizia kamera wanasafisha. Usipenge kwa nguvu, usibebe ndoo, ukipiga chafya piga mdomo wazi.

Harufu yangu ilirudi taratibu, cha kwanza nilichosikia ni kitunguu kinaungua kwa jirani. Ila maji ya kuosha pua uchemshe yachemke kweli kweli, yapoe, ndio utie chumvi. Usitumie ya bombani moja kwa moja na hasa haya yetu ya kisima.

DktNgazi:

Bi Hombolo umemaliza. Hilo la maji ya kuchemsha sio ushamba wa hospitali, kuna amiba fulani, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anaitwa Naegleria fowleri anayeishi kwenye maji ya vuguvugu, akinywewa hana shida ila akipandishwa puani anaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini kuchemsha ni bei rahisi.

MtumbaMkavu:

Dah asanteni sana, dokta ubarikiwe. Bi Hombolo shikamoo. Sasa kinachoniogopesha kingine, nimeangalia CT yangu kwenye CD, hizo sainasi ziko jirani kabisa na macho na juu yake ni ubongo. Mtu anapita na chuma humo, akiteleza je?

DktNgazi:

Swali zuri, na ndio maana CT inapigwa kabla, sio ya kutafuta ugonjwa tu, ni ramani. Kati ya sainasi za katikati na jicho kuna mfupa mwembamba sana, juu kuna paa ambalo ndio sakafu ya ubongo, na upande mmoja paa linaweza kuwa chini kuliko upande wa pili kwa mtu yule yule. Daktari anayajua hayo kabla hajaingia. Matatizo makubwa, yaani jicho, damu nyingi au majimaji ya ubongo kuvuja, kwenye mikono yenye uzoefu yanatokea chini ya mtu 1 kati ya 100. Hayajafika sifuri, na ukifanyiwa mara ya pili au ya tatu alama za njia zinakuwa zimepotea kwa hiyo hatari inapanda.

Kidogo historia maana naipenda. Zamani sainasi ya shavuni ilifunguliwa kwa kupasua ufizi wa juu chini ya mdomo, wakatoboa tundu jipya, makamasi yatoke. Profesa Messerklinger kule Graz, Austria, akaweka kamera akagundua makamasi hayajali tundu lako jipya, vinyweleo vya ndani vinayasukuma kuelekea mlango wa asili hata kama pembeni kuna tundu kubwa. Ndio ikaja akili ya kufungua mlango wa asili na kuacha ngozi nyingine salama, wanafunzi wake wakaieneza, na Kennedy wa Marekani akaipa jina la upasuaji wa endoskopi wa kurudisha kazi ya sainasi mwaka 1985.

Kutoka hapo wakazidi kusogea, leo uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo unatolewa kupitia puani bila kufungua fuvu. Shida ilikuwa kuziba, ukitoboa sakafu ya ubongo majimaji yanavuja. Mwaka 2006 Waargentina Hadad na Bassagasteguy, wakiwa na timu ya Pittsburgh, Marekani, wakachapisha njia ya kukata kipande cha ngozi ya ukuta wa katikati ya pua kikiwa bado kimeshikana na mshipa wake wa damu, unakigeuza unaziba nacho tundu, kinashika kwa sababu kiko hai. Mivujo ikapungua sana.

Kondoa_Mjini:

Ngoja nichangie hapo kwenye kuvuja. Binamu yangu alipata ajali ya bodaboda, akashonwa usoni akaruhusiwa. Baada ya hapo pua moja, ya kulia tu, ikawa inatoa maji masafi kama ya kunywa. Akisujudu msikitini yanadondoka tap tap kwenye mkeka. Hospitali moja wakampa dawa za aleji, nyingine wakampa za mafua, ikaenda hivyo mpaka akapata homa ya uti wa mgongo akalazwa hajitambui. Hapo ndio daktari mmoja kijana akauliza kama maji yana ladha ya chumvi, yakawa ya chumvi kweli. Akapelekwa Dar wakaziba kupitia puani, yuko poa anaendesha bodaboda tena, huyo hakomi.

DktNgazi:

Pole kwa yaliyompata. Huo ndio mfano wa kitabu. Pua moja, maji masafi, yanaongezeka ukiinama, historia ya ajali. Kuna kipimo cha protini ya beta-2 transferrini kinachothibitisha kama ni majimaji ya ubongo. Na niongezee, chochote cha upande mmoja kisichukuliwe kirahisi. Pua moja imeziba inatoa damu, inaweza kuwa uvimbe, lazima kamera, CT na kinyama kipelekwe maabara. Isipokuwa kijana wa kiume anayebalehe anayetokwa damu nyingi, huyo usimkate kinyama kliniki, kuna uvimbe wa mishipa ya damu unaweza kummaliza pale pale kwenye kiti. Upande mmoja wenye harufu mbaya, mara nyingi ni jino la juu limeoza mzizi ukaingia kwenye sainasi, hapo bila kushughulikia jino unajisumbua.

Mtumba, wewe ziko pande zote kwa hiyo unaingia kwenye kundi la kawaida. Ila nikuulize, una pumu? Na dawa za maumivu zinakusumbua?

MtumbaMkavu:

Pumu ninayo ndio, ilianza ukubwani. Na diklofenaki nikimeza kifua kinabana, nilijua ni vidonda vya tumbo. Dokta hajawahi kuniuliza.

DktNgazi:

Sio vidonda vya tumbo. Nyama za puani, pumu na kubanwa na dawa za aina ya aspirini vikikaa kwa mtu mmoja ni ugonjwa unaojulikana, na watu wa kundi hili ndio nyama zao zinarudi zaidi baada ya upasuaji. Haimaanishi usifanye, ina maana baada ya kufanya huachi kuosha na steroidi hata ukijisikia umepona. Kuna sindano pia, dupilumab, Marekani iliruhusiwa kwa nyama za puani 2019, inafanya kazi vizuri lakini bei yake kwa mfuko wetu tuiache kwanza.

Acha diklofenaki, ibuprofeni na aspirini kuanzia leo. Ukienda kliniki mwambie daktari wa pua, na siku ya upasuaji mwambie daktari wa usingizi kwa mdomo wako mwenyewe, usitegemee faili, kwa sababu dawa za maumivu baada ya upasuaji mara nyingi ndio hizo hizo. Pumu iwe imetulia kabla ya kuingia theatre, na ile CD ya CT beba mkononi, ripoti ya karatasi peke yake haitoshi.

Kitunguu_Swaumu:

Dokta basi kwenye mboga naruhusiwa kuweka vingapi?