Kwa nini makisio ya mkaguzi huishia karibu na kiasi cha mteja?

Swali
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa andiko la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu maamuzi ya wakaguzi wa hesabu, hasa wanapopima kiasi kilichotengwa kwa ajili ya mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa inavyotakiwa. Mkaguzi hupokea jedwali la mteja (taasisi anayoikagua) likiwa na jumla yake tayari, kisha hutakiwa kuamua kama jumla hiyo inakubalika. Ninashuku kwamba akishaiona, fikra zake huanzia hapo na hazisogei mbali, hata pale ushahidi unapodai zaidi. Je, jambo hili limewahi kuchunguzwa kwa wakaguzi wenyewe, na nikitaka kulipima nianzie wapi?

Jibu la kwanza
Limechunguzwa, tena zamani. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jinsi mtu anayekisia kiasi asichokijua anavyong'ang'ania namba ya kwanza aliyotajiwa, na mwaka 1981 Edward Joyce na Gary Biddle wakalipima hilo kwa wakaguzi. Kundi moja liliulizwa kama udanganyifu mkubwa wa viongozi wa juu hutokea katika zaidi ya kampuni 10 kati ya kila 1,000 zinazokaguliwa. Kundi la pili liliulizwa swali hilo hilo, ila kwa kampuni 200. Kisha kila mkaguzi akatoa makisio yake mwenyewe. Wastani wa kundi la kwanza ulikuwa takriban 16.5 na wa kundi la pili takriban 43, ingawa kilichotofautiana baina yao ni namba iliyotangulia tu.

Nakushauri nawe ubadilishe kitu kimoja tu. Wape wote faili lile lile lenye umri wa madeni, dhamana na historia ya malipo, halafu uwagawe kwa kura: nusu waione jumla ya mteja mwanzoni, nusu waandike kiasi chao kwanza ndipo waonyeshwe.

Jibu la pili
Ushauri huo ni mzuri, lakini una pengo ambalo msimamizi wako ataliona mara moja. Kiasi cha mteja si namba iliyookotwa. Kimetoka kwa mtu anayewafahamu wakopaji wake, hivyo kukikaribia kunaweza kuwa busara tupu. Andaa matoleo mawili ya jedwali, moja lenye jumla inayolingana na ushahidi na jingine lenye jumla iliyo chini mno, na useme kuna tatizo pale tu mkaguzi anaposhindwa kuiacha ile ya pili.

Usiishie kwenye fikra za mkaguzi peke yake, maana naamini mazingira ya kazi yana uzito mkubwa kuliko tunavyokiri. Joseph Brazel na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba wakubwa wa kazi humthamini kidogo mkaguzi aliyechimba zaidi kwa sababu za haki, akaongeza gharama, kisha asikute kosa, kuliko aliyechimba vivyo hivyo akalikuta. Anayejua kwamba atapimwa hivyo ana sababu ya kuridhika mapema na jedwali la mteja, na mafunzo ya kutilia shaka hayataiondoa sababu hiyo.

Jibu la tatu
Soma pia Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 540. Kinamruhusu mkaguzi kupima namna uongozi ulivyofikia makadirio, kuandaa makadirio yake mwenyewe, au kutumia matukio yaliyotokea hadi tarehe ya ripoti yake. Makundi yako mawili yanakaribiana sana na njia mbili za mwanzo, kwa hiyo matokeo yako yatamgusa hata mkaguzi asiyejali saikolojia.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Nitakuwa na makundi manne: jumla mwanzoni au mwishoni, na jumla inayofaa au iliyo chini mno. Je, niwaombe pia waeleze sababu za uamuzi wao?

Jibu la pili
Waombe, lakini baada ya kuandika kiasi. Mtu anayejua mapema kwamba atajieleza hupima ushahidi kwa namna tofauti, na hapo utakuwa umebadilisha kitu cha tatu bila kukusudia.