Likizo ya Juni Unguja na watoto: Jambiani au Nungwi?

BabaNeema_Dom
Wakuu, salaam. Mwezi wa sita shule zikifungwa nataka kuwapeleka mke na watoto wawili Unguja. Hawajawahi kuiona bahari, wanachotaka ni kuogelea tu. Nimepata nyumba ya wageni Jambiani, bei inanifaa, na kwenye picha maji yapo hadi mlangoni. Jamaa mmoja ofisini kanicheka, ati watoto wataishia kucheza mchangani. Nani mkweli? Gari sina.

MtuWaKusini
Nyote wakweli. Picha ilipigwa maji yamejaa. Pwani ya mashariki yote, Matemwe hadi Jambiani, mwamba uko mbali na ndani yake maji ni haba. Yakitoka yanatoka kweli, unatembea mpaka unachoka. Angalia mwezi, ndugu yangu. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: mnamo saa nne asubuhi bahari kavu, saa kumi jioni imekuja hadi kwenye ngazi. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayatoki mbali wala hayajai sana. Tazama siku zako zinaangukia wapi kabla hujalipa.

Mama Tunu
Kwa watoto nenda kaskazini, Nungwi au Kendwa, basi. Kule wanaogelea kutwa. Halafu Juni ni kusi, upepo unaipiga Paje na Jambiani. Wenye matiara ya kupanda mawimbi wanaupenda, mtoto wa miaka sita hataupenda. Kendwa ubaya wake ni muziki usiku, hasa mwezi mpevu.

pweza_mkavu
Msimtishe mwenzenu! Wanangu Jambiani waliipenda zaidi ikiwa kavu. Viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota), kaa, akina mama wanavuna mwani. Wavalishe viatu tu, kuna miiba, na wasikanyage kamba za mwani, ile ni riziki ya watu.

BabaNeema_Dom
Nimeangalia kalenda, nimeangukia bamvua tupu 😅 Mke kasema Nungwi. Lakini bei za mtandaoni ni za dola, jamani!

Mama Tunu
Hizo za wageni. Piga simu moja kwa moja, uliza bei ya mkaazi, na mbebe vitambulisho vya NIDA. Chumba cha kijijini, nyuma ya hoteli za ufukweni, kinashuka sana na pwani mnaifikia kwa miguu. Nauli isikutishe, daladala 116 inatoka mjini hadi Nungwi, ila na mabegi na watoto mtabanana. Mkishuka boti jioni laleni Mji Mkongwe kwanza, mle urojo, asubuhi ndiyo mpande.

MtuWaKusini
Kaka, la mwisho. Si Nungwi yote inaogeleka. Upande wa magharibi, unaoelekea Kendwa, ndio mzuri. Ukiuzunguka mnara wa taa kwenda mashariki, maji yanatoka kama huku kwetu. Na wenye nyumba za upande huo nao wanaandika "Nungwi, ufukweni". Kwa hiyo ukipiga simu usiulize kama wapo ufukweni, uliza saa nne asubuhi siku ya bamvua mtoto anaogea wapi.

BabaNeema_Dom
Nimempigia yule wa kwanza niliyempata, kaniuliza bamvua ndio nini. Natafuta mwingine.