ATV ya zamani inazima nikirudisha choki

Wakuu, hii ATV (pikipiki ya magurudumu manne) ilikaa miezi bila kuwashwa. Plagi mpya, petroli mpya, lakini inawaka kwa choki tu (kile kidude cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha), nikiirudisha, inazima. Nianzie wapi?

— Jeti ndogo, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta, imeziba, mkuu. Petroli ikikaa huacha utando kama gundi. Funga koki ya mafuta, fungua bakuli la kabureta, toa jeti, pulizia dawa ya kabureta, kisha upepo. Ielekeze kwenye taa: lazima uone mwanga tunduni. Usichokonoe kwa waya mgumu, utapanua tundu.

— Na skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli: ikaze taratibu hadi mwisho huku ukihesabu mizunguko, ndipo uitoe. Uirudishe vilevile.

— Ikigoma bado, kagua mpira kati ya kabureta na injini. Ukipasuka, unavuta hewa.